Zawadi ya Waliowahi

Kama una simu na una ndugu hata mmoja pande hizi za Kibiti, basi umeshaniona. Mie ndiye yule bibi wa kanga ya njano anayemtandika nguruwe kwenye runinga huku moshi wa ubani unafuka miguuni pake, na kama hujaniona ngoja tu, utaletewa, maana aibu ya siku hizi haitembei kwa miguu. Nimeona heri nieleze mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa darasa la nne (Mwalimu Mkumba alinichapa sana kwa ajili ya mwandiko, Mungu amrehemu, angeuona leo angenichapa tena), kwa sababu wanaocheka wanamcheka nguruwe, na nguruwe wala hakuwa aibu yenyewe.

Jina langu Mwanahawa binti Mapande, nakaa Dimani. Nyumba yangu hii imewahi kulala watu kumi na mmoja, nikiwajua mmoja mmoja gizani kwa mikoromo yao, na majina yao nikianza kuyataja hapa karatasi itaisha. Sasa nalala mwenyewe. Mlango naufunga mapema, si kwa kuogopa wezi, ila nikiuacha wazi naukodolea macho.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Mwanaidi, mtoto wa binti yangu Salima, niliyemlea tangu anaota meno. Alipata kazi dukani Mbagala. Siku ya kuondoka akaniachia simu yake ya zamani, ile iliyopasuka kioo kama ardhi ya kiangazi, akanitilia ndani yake mchezo wa kulima. "Mke mwenzangu," akaniambia (ndivyo tunavyoitana, bibi na mjukuu wa kike, tumegombania mume mmoja na mume mwenyewe yuko kaburini), "weye mkulima, huu utauweza. Kila nikitoka kazini nitakuja shambani kwako."

Na kweli alikuja. Nikishaswali magharibi nafungua simu, namwona anaruka geti langu, kijitu kidogo cha kofia nyekundu, anamwagilia mahindi yangu, anaweka ua moja mlangoni, ananipungia mkono. Nami nabonyeza mkono nampungia. Maneno hatusemi, wala sikuyahitaji. Mtu amekuja kwako, amekuta mahindi yana kiu, ameyanywesha, hayo maneno gani tena? Na shamba lenyewe zuri, halina ngedere, halina nguruwe pori. Marehemu mume wangu, Saidi Mtulia, angeliona angelia kwa furaha, maana yeye ujana wake wote uliishia bondeni juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, anapiga debe kufukuza nguruwe wasitumalizie mpunga, na mie chini yake na ukuni wa moto na kanga, huu, huu, toka! Mpaka leo nikisikia nguruwe mwili unainuka kabla yangu.

Idi ndogo Mwanaidi alikuja mwenyewe kwa miguu yake. Nilikuwa nasuka mkeka, akachagua rangi, zambarau na kijani, akasema huu ndio nitakaoutandika nikipata nyumba yangu. Nikamwambia ni wako. Siku hiyohiyo akaniambia kwamba wenye mchezo wanatoa mchezo mpya, mkubwa zaidi, una mto ndani yake, na wachezaji wote watahamia huko. "Tuchukue viwanja jirani, Bibi. Ila wanaoagiza mapema ndio wanaopewa kando ya mto. Usije ukachelewa." Akasema huku anakula, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nami nikayaweka moyoni.

Baada ya hapo akaanza kupunguza kuja. Mara anakuja leo, kesho haji. Mara haji kabisa. Idi kubwa hakuja shambani wala nyumbani. Nikimpigia simu, anasema niko kazini Bibi nitakupigia, na kazi haiishi. Mahindi yake kwenye shamba lake la simu yakakauka, na mchezo hauruhusu kumwagilia ya mwenzio mpaka akufungulie geti, basi nasimama getini kwake nayatazama. Na kila nikifungua simu, pale juu limetokea tangazo la ule mchezo mpya, lina saa inayorudi nyuma, inapungua, inapungua, kama mtu anayekuhesabia utoke. Nikajiambia, loo, sasa nimefahamu! Mwanaidi hajaniacha, yeye anangoja mto. Amechoka na shamba hili kuukuu kama wenzake wote. Siku ya kuhamia atafika, na akifika asinikute?

Sasa hapo ndipo nilipaswa kumkumbuka Saidi Mtulia. Sisi wa huku tunaijua sana hii biashara ya kulipia kitu ambacho hakijawa kitu, tunaiita kangomba, mchuuzi anakujia korosho zikiwa maua, anakuachia unga, anakuachia na doti ya kanga ya mkeo ili uchangamke, wakati wa kuvuna unakuta mzigo wote ni wake na kanga imeshachuja. Saidi aliingia mara moja tu. Tangu hapo kila mchuuzi akibisha hodi alikuwa anasema, "Binti Mapande, ua si korosho." Mie ndiye niliyekuwa naitikia, kweli mume wangu. Lakini mwenye hamu hana masikio.

Nikaenda barabarani kwa Hadija, mke wa Juma Ngwele, anayefanya kazi ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu. Pesa sikuwa nazo. Nilikuwa na mkeka. Nikaufungua juu ya meza yake, zambarau na kijani, nikamwambia chukua huu, uniagizie ule mchezo.

Hadija akaupapasa, akanitazama. "Bibi Mwanahawa, hiki kitu bado hakijatoka. Unalipia hewa."

"Hadija, Juma alipokutolea kishika uchumba alikuwa na nyumba?"

"Hakuwa na hata kitanda."

"Na wazee wako walikupa mtu mwingine?"

Akacheka, akashika simu. Akanisomea yale maandishi: anayewahi anapata kiwanja kando ya mto, jirani na rafiki anayemtaka, pamoja na kikapu kilichofungwa chenye mnyama wa pekee ambaye wanaochelewa hawatampata kamwe, na kikapu hakifunguliwi mpaka siku yenyewe. Asiyewahi anakwenda nyuma, kwenye mawe.

"Mnyama gani?" nikauliza.

"Hawasemi. Ndiyo utamu wake."

Sikuuliza tena. Utamu wa kitu kilichofunikwa nani asiyeujua? Moyoni nilikwishamwona mnyama wangu, ng'ombe mweupe mwenye nundu. Nikasema, niandike kwenye mto, jirani na Mwanaidi. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nimefurahi kama mwali.

Mambo yangeishia hapo kama Mungu angenipa kauzio ka mdomo. Siku ya pili yake nikakutana mashineni na Bi Somoe, tunasaga. Bi Somoe ni somo yangu, tulichezwa unyago mwaka mmoja, tunapendana na kuchokozana tangu hapo, naye ana wajukuu wasiopungua wanne uani kwake kila siku ya Mungu, wanalia, wanavunja vyungu, anajidai wanamchosha.

"Mwanahawa, na yule mke mwenzio?" akaniuliza kwa sauti ya kusikika juu ya mashine. "Idi imepita hatukuona hata mfuko wa sukari. Au Mbagala kuna bibi mwingine?"

Wanawake wakacheka kidogo. Hapo ningenyamaza, nibebe unga wangu, niende. Badala yake nikasema, "Sisi tunaonana kila siku. Na Ijumaa tunahamia, mie na yeye, nyumba mpya, ua kwa ua, kando ya mto. Njooni mshuhudie. Mtamwona mwenyewe anavyokuja kunipokea getini."

"Mto gani tena?"

"Wa kwenye simu."

"Aaa," akasema Bi Somoe. Hakucheka. "Nyumba ni nyumba. Tutakuja tukusomee dua."

Basi likawa jambo! Kwetu mtu hahamii nyumba kimyakimya kama mwizi, lazima ubani ufukizwe, kahawa inywewe, dua isomwe, na mie niliyejiita mwenye nyumba ningefanya vipi? Nikakaanga visheti. Simu yangu ndogo na imepasuka, wanawake wote hawataona, nikamwendea Selemani Mbonde mwenye banda la kuonyesha mpira, akasema Ijumaa baada ya alasiri hakuna mechi, nitaiunganisha simu yako na runinga kubwa, Bibi, wewe njoo na visheti tu. Hadija naye akaona mabenchi ya mle yana mate na tumbaku ya wapenda mpira, akaleta mkeka akautandika chini mbele kabisa. Mkeka ule. Nikaukalia, nikajifanya siujui.

Walikuja wengi kuliko nilivyoalika. Alikuwepo Bi Somoe, alikuwepo Zuhura Matimbwa, Tatu Kisoma na dada yake Siwema, Mwajabu mwenye jicho moja, hata bibi harusi mpya wa kwa Ngwele ambaye bado alikuwa haonekani nje. Chetezo kinafuka. Selemani akachomeka waya wake, runinga ikawaka, na mji mpya ukatokea mkubwa kama ukuta, mto unang'aa, nyumba yangu ina paa jekundu. "Mashallah!" wakasema. Wallahi nilisikia machozi.

Kisha nikasogeza kidole kutazama upande wa pili wa ua.

Palikuwa na majani matupu, na kibao.

Wao hawakuwa wameona bado, walikuwa wanasifu paa. Nikakirudisha kidole upesi upesi. Nikajiambia atakuja, ndiyo kwanza alasiri, huko dukani hawajafunga. "Jirani mwenyewe yuko wapi?" akauliza Tatu Kisoma, na mie hapo hapo, kwa kutaka macho yao yaende kwingine, nikasema, "Kwanza tufungue kikapu, mumwone mnyama wangu!"

"Kwanza dua," akasema Bi Somoe. Akainua mikono, wote tukainua. Lakini kidole changu kilikwishagusa. Bi Somoe amefika pale anapoomba nyumba hii iwe ya kheri na kinachoingia ndani yake kiwe cha halali, kikapu kikaanza kutikisika chenyewe, kikafunguka, na yale maspika ya Selemani yaliyotengenezwa kwa ajili ya kushangilia magoli yakatoa mguno uliotikisa mabati.

Nguruwe. Mnene, wa rangi ya waridi, masikio ya dhahabu, amevikwa shada la maua shingoni kama anayetoka hijja, astaghfirullah, ameketi kwa matako yake mbele ya mlango wangu, na juu ya kichwa chake limeandikwa jina langu.

Mikono ya Bi Somoe ilibaki juu. "Mwanahawa! Umetuitia dua ya nguruwe?"

"Si wangu!"

"Ameandikwa jina lako!" akapiga kelele Mwajabu, ambaye jicho lake moja linasoma kuliko mawili ya wengine.

Nikamkimbiza yule kijitu changu cha kwenye mchezo aingie ndani, nguruwe akamfuata. Nikamtoa, akamfuata. Nikazunguka nyumba, naye nyuma anagunaguna, anacheza, anafurahi. Hadija akasoma maandishi yaliyotokea chini, "Zawadi ya waliowahi. Haiuzwi, haigawiwi, haifukuzwi."

Haifukuzwi? Mie binti Mapande, niliyefukuza nguruwe bondeni tangu sijavunja ungo? Hapo ule mwili wangu niliowaambia ukainuka kabla yangu. Nikajikuta nimesimama, nimejivua kanga ya juu, naipiga runinga ya watu, "Huu! Huu! Toka! Toka kwenye mpunga!" (mpunga gani, sijui), Selemani analia Bibi runinga yangu, mguu wangu ukapiga chetezo, kaa likarukia mkeka, Hadija analia mkeka wangu, Zuhura akalimwagia kaa kahawa, moshi ukajaa, na wanawake wazima wamelala chini wanacheka wanashikana mbavu. Katikati ya hayo yote mtu alikuwa na simu yake ananipiga picha za kutembea. Namjua ni nani. Sitamtaja, ila akizaa asinialike arobaini.

Walipochoka kucheka wakafuta machozi. Nami nikacheka, ningefanyaje. Ndipo Bi Somoe akauliza, taratibu kabisa, "Na Mwanaidi?"

Selemani, bila ubaya wowote, akasogeza picha upande wa pili wa ua. Akakisoma kile kibao kwa sauti. "Kiwanja hiki kimetengwa kwa ajili ya Mwanaidi. Bado hajafika. Mwalike."

Yule nguruwe akazidi kuguna. Hakuna aliyecheka. Tatu Kisoma akakumbuka ameacha maharage jikoni, Siwema akakumbuka dada yake ameacha maharage jikoni. Bi Somoe, ambaye ningempa kila nilicho nacho anitanie pale, hata neno moja la kunichoma, aliokota kanga yangu, akanivisha mabegani, akasema, "Twende, somo. Nikusindikize." Huko ndiko kuumbuka kwenyewe. Mtani wako akikuhurumia ujue umekwisha.

Picha zikaenda zilikokwenda. Mashineni siku hizi naulizwa, "Bibi, umeshamlisha?" Nimezoea. Na Jumapili simu ikalia, nikaona jina.

"Mke mwenzangu!" Anacheka mpaka anakohoa. "Wallahi wenzangu hapa dukani wamenionyesha, nimekaa chini. Nikawaambia huyo bibi yangu, hawaamini!"

"Cheka, mama."

"Lakini Bibi, ule mchezo mbona nilishaufuta? Ulikuwa unanijazia simu. Sikujua weye bado unacheza."

"Nacheza kidogo kidogo."

Akacheka tena, kisha kicheko kikapungua. "Bibi. Ule mkeka ulioangukiwa na kaa. Zambarau na kijani. Si ndio wangu?"

Ningeweza kusema inafanana. "Ndio," nikasema.

"Uliuuza?"

"Niliutoa nipate kiwanja jirani na chako."

Nikasikia magari ya Mbagala, na mtu anauliza bei ya ndoo.

"Bibi," akasema, na sauti sasa ilikuwa ile ya mtoto niliyembeba, "suka mwingine. Usiutume kwa basi. Ukiisha nakuja kuuchukua mwenyewe."

Basi nimeapa, na nyie ni mashahidi wangu. Sitalipia tena kitu kikiwa maua. Wanaokwambia wahi wahi, utapewa na hiki juu yake, hao hawauzi kitu, wanauza woga wako wa kuachwa nyuma kwenye mawe, na mwenye woga huo si vijana peke yao. Saidi Mtulia alisema kweli, na mie niliitikia kweli bila kusikia.

Nimeapa hivyo. Halafu kesho yake alfajiri nilikuwa bondeni nakata ukindu, nikauanika, nikauchana, nikachemsha rangi ya zambarau, na sikuwa nimemuuliza anakuja lini. Mnaona? Nimeshaagiza tena.

Jioni nikichoka kusuka naifungua simu. Nguruwe akiniona anakuja mbio getini na shada lake. Simgusi, ni picha, na Mola anaijua nia yangu. Namwambia tu, ingawa hasikii: kaa upande huu. Usivuke ua, usifukue majani ya hapo kwa jirani. Mwenyewe anakuja.